Muulize Anko wa Jukwaa: Picha iko ukutani, paipu iko juu yake

Mwezi huu karibu barua zote zimetoka kwa watu ambao mashabiki hawawajui, yaani wale wanaoshika funguo za ukumbi. Sio waigizaji wala wapiga gitaa, ni meneja wa jengo, fundi, msimamizi wa foya (ile sehemu ya kupokelea watu kabla ya kuingia ukumbini), na mmoja tu mjumbe wa bodi ambaye nadhani ameandika kwa siri. Na wote shida yao ni moja kwa sura tofauti: jengo ni la maonyesho, lakini limejaa sanaa, na hakuna mtu aliyeambiwa wazi nani anaitunza. Mi mwenyewe nimeshika funguo miaka mingi kabla ya kuanza kuandika hapa, so nitajibu kama ninavyolijua jengo, sio kama mtu wa makumbusho.

SWALI: Shikamoo Anko. Nimeajiriwa kuwa meneja wa jengo kwenye ukumbi wa muziki na maigizo. Siku ya kwanza nimekabidhiwa funguo, namba ya fundi wa lifti, namba ya fundi wa viyoyozi, basi. Wiki ya pili ndo naambiwa eti michoro na vinyago vyote vilivyomo humu navyo ni juu yangu. Hakuna orodha. Nikiuliza hiki kimetoka wapi kila mtu anajibu "kilikuwepo". Naanzia wapi? *Mwenye Funguo*

ANKO: Marahaba mwanangu, na pole. Ila usidhani umeonewa we peke yako, kumbi nyingi ziko hivo hivo, kwa sababu sanaa yake haikununuliwa kwa mpango, ililetwa tu. Kimoja zawadi ya siku ya ufunguzi, kingine cha mgeni wa heshima, kingine msanii alikiacha "kwa muda" afu hakurudi tena. Hata Kennedy Center pale Washington, lile jumba lililofunguliwa 1971, nchi kibao zilileta zawadi, Italia ikatoa marumaru na Sweden ikatoa taa kubwa za kioo zinazoning'inia kwenye foya. Vizuri sana, lakini zawadi ya taa maana yake kuna mtu atapanda juu kubadilisha balbu maisha yake yote, si ndio?

Anza na simu yako na daftari. Tembea jengo zima, stoo, ofisi za mabosi, vyumba vya kubadilishia nguo, hadi chini ya ngazi, na kila kitu unachokiona kipige picha mbele na NYUMA. Nyuma watu wanasahau na ndo kwenye siri zote, lebo za maonyesho ya zamani, jina la aliyetoa, saini, muhuri. Pima ukubwa, andika kimechorwa kwenye nini, kina mikwaruzo gani leo hii ili kesho mtu asije kukusingizia, kisha kipe namba. Namba usiibandike kwa gundi wala selotepu na usiandike kwa maka peni kwenye kazi yenyewe, tumia penseli laini nyuma ya fremu au kadi ndogo uifunge kwa uzi. Na mahali kilipo pia paandike vizuri, sio "foya" tu maana foya ni kubwa, andika ukuta gani, kati ya mlango gani na mlango gani.

Sasa hapa nakupa kitu ambacho watu wa makumbusho hawatakuambia kwa sababu wao majengo yao yalijengwa kwa ajili ya picha. Kwenye ukurasa huo huo wa kila kazi andika juu yake kuna nini, nyuma yake kuna nini, chini yake kuna nini. Paipu ya maji? Choo cha ghorofa ya juu? Ukuta wa nje unaopigwa mvua? Tundu la kiyoyozi linaipulizia picha usoni? Kaunta ya vinywaji? Soketi? Nimewahi kufanya kazi mahali picha kubwa ya mafuta ililowa usiku kucha na paa lilikuwa zima kabisa, maji yalitoka kwenye kaunta ya juu, paipu ya mashine ya barafu ilichomoka. Fundi bomba alikuwa anaijua ile paipu miaka na miaka, aliyehusika na sanaa alikuwa anaijua ile picha, lakini hakukuwa na mtu hata mmoja anayevijua vyote viwili kwa pamoja. Huyo mtu sasa ndo wewe.

Ukimaliza hapo tafuta makaratasi, nani alitoa, alitoa moja kwa moja au aliazima, kuna mkataba au hakuna. Usipopata chochote andika "haijulikani" na tarehe, usibuni. Na usitupe kitu hata kama kinaonekana takataka, nimeona mtu katupa "mabomba ya kutu" kumbe ni sanamu.

Halafu kalenda iwe moja tu. Onyesho, mazoezi, kupaka rangi, kuhamisha picha, kuosha mazulia, vyote kwenye kalenda moja inayoonwa na watu wote. Mpaka rangi akifika asubuhi na picha bado iko ukutani, ujue kalenda zilikuwa mbili.

SWALI: Anko habari. Juu ya ngazi zetu kuu kuna sanamu la chuma limening'inia kwa nyaya, liko pale tangu kabla sijazaliwa. Watu mia kadhaa wanapita chini yake kila onyesho. Nimemuuliza fundi wetu kama linakaguliwa akacheka akasema "lingekuwa la kuanguka lingeshaanguka". Nimekosa usingizi. *Wa Ngazini*

ANKO: Endelea kukosa usingizi hadi ulipate jibu kwa maandishi, na huyo fundi mwambie Anko hajacheka.

Kitu kilichoning'inia hakizeeki kwa kuonekana. Waya unakatika uzi mmoja mmoja ndani, skurubu inalegea kidogo kidogo, na kwenye ukumbi wa muziki kuna jambo la ziada ambalo makumbusho hawana, mtetemo. Besi ikipigwa kila wiki miaka thelathini kila kitu juu kinatikisika. Na sio vitu vya sanaa tu, hata jengo lenyewe. Tarehe 19 Desemba 2013 kwenye Apollo Theatre ya London kipande cha dari la plasta kiliporomoka juu ya watazamaji katikati ya onyesho, watu zaidi ya 70 waliumia. Ukumbi ule ulifunguliwa 1901, na walipochunguza wakakuta zile tambara za gunia zilizochovywa plasta, zilizokuwa zimelishikilia dari kule juu, zimechoka kwa umri. Ukiwa chini unaangalia mapambo mazuri, huoni kabisa kinachoyashikilia.

Paris nao walipata lao zamani zaidi, 1896 pale Palais Garnier, jumba lao la opera, uzito unaosawazisha lile taa kubwa la katikati ulianguka ukapasua dari na ukaua mtu. Taa lenyewe halikudondoka, ni ule uzito wake! Ndo maana nasema usikague sanamu peke yake, kagua kila kitu kinacholishika, nyaya, pingu, ndoano, boriti, mpaka zege ilipochomekwa ile ndoano.

Na mfano ninaoupenda zaidi ni wa New York, Lincoln Center, lile eneo lenye kumbi kubwa za maonyesho. Kulikuwa na kazi kubwa ya mchonga sanamu Richard Lippold, vipande vya chuma vinavyong'aa vimetundikwa kwa nyaya nyembamba kwenye foya ya ukumbi wa muziki uliofunguliwa 1962. Mwaka 2014 waliiteremsha kwa sababu ya wasiwasi wa usalama, ikaenda stoo, na baadaye ikaenda kuwekwa kiwanja cha ndege cha LaGuardia kulikokuwa na nafasi mpya iliyotengenezwa kwa ajili yake. Haikumwangukia mtu. Wenyewe waliangalia, wakaogopa, wakateremsha, na kazi bado inaonekana mpaka leo. Kuna watu walilalamika, na mi nawaelewa maana foya ilibaki kama imeng'olewa jino, lakini ningekuwa mimi na funguo ningefanya hivyo hivyo.

Sasa we fanya hivi. Muombe bosi alete mhandisi wa miundo, sio fundi wa jengo, na umuulize mambo matatu kwa karatasi: lina uzito gani kweli, kila kinachoshikilia kinaweza kubeba kiasi gani, na lirudiwe kukaguliwa baada ya muda gani. Mpaka jibu lije weka kamba, watu wapite upande mwingine, hata kama ngazi ni ya fahari. Na uwaambie watu wa matangazo WASITUNDIKE bango kwenye ndoano za sanamu, maana najua wanafanya, kila ukumbi wanafanya. Uliza pia linafikiwaje kwa ajili ya kusafisha, kwa sababu kama hakuna njia ya kulifikia basi ujue halijawahi kukaguliwa na mtu yeyote, haijalishi fundi anasema nini.

SWALI: Tuna maonyesho ya msanii wa nguo, ametandaza kazi yake ukuta mzima wa foya na imepita juu ya mlango wa dharura. Anasema akiikata inapoteza maana. Nimuonee huruma? *Msimamizi wa Foya*

ANKO: Hapana.

Tarehe 30 Desemba 1903, Iroquois Theatre, Chicago, ukumbi uliofunguliwa wiki chache tu kabla. Moto ukaanza jukwaani, pazia la kuzuia moto likakwama njiani halikushuka hadi chini, na baadhi ya milango ya kutokea ilikuwa imefichwa nyuma ya mapazia ya urembo. Walikufa watu 602. Mwambie msanii wako kwa upole, mpe ukuta mwingine, au aigawe kazi pande mbili mlango ubaki wazi na maandishi yake yaonekane ukiwa mbali. Na kabla hujatundika nguo popote pale uliza kama imetiwa dawa ya kuchelewesha moto, ila jaribuni kwanza kwenye kipande kidogo pembeni, dawa hizo nyingine zina chumvi ndani zinavuta unyevu na kuacha madoa. Kama ni nguo ya zamani yenye thamani usiitie dawa kabisa, itafutie sehemu nyingine ya kukaa.

SWALI: Anko, mchoro wetu wa rangi za maji ulikuwa na anga ya bluu, sasa ni kijivu. Uko foya, mbele ya madirisha makubwa. Bosi anasema tumeshaweka plastiki ya kuzuia UV (ile miale ya jua isiyoonekana kwa macho) kwenye vioo kwa hiyo tatizo sio mwanga. *Macho Yangu*

ANKO: Macho yako ni mazima, bosi ndo kakosea, ila kakosea kosa la kawaida. Hiyo plastiki inakata miale ya UV, safi, lakini mwanga wa kawaida unaouona kwa macho nao unakula rangi, taratibu tu. Na mchoro hauponi. Rangi ikishaondoka imeondoka, hakuna fundi wa kuirudisha.

Kinachohesabiwa ni ukali wa mwanga mara muda. Luksi ni kipimo cha ukali wa mwanga, na luksi 50 kwa saa 10 ni sawa na luksi 500 kwa saa moja. Kazi za karatasi, rangi za maji na nguo kawaida huwekewa kama luksi 50, michoro ya mafuta inavumilia kama 200, na jua la moja kwa moja linaweza kufika luksi laki moja, sasa piga hesabu mwenyewe dirisha lako linafanya nini kila asubuhi wakati hata mteja mmoja hajafika!

Na hapo ndo kuna nafuu. Ukumbi wa maonyesho kwa sehemu kubwa ya siku foya yake haina mtu. Makumbusho wanahitaji mwanga mchana kutwa, nyie mnauhitaji saa mbili tatu za jioni. Metropolitan Opera ya New York ina michoro miwili mikubwa sana ya mchoraji Marc Chagall, ya mwaka 1966, imekaa nyuma ya vioo virefu vinavyotazama uwanjani, na asubuhi hufunikwa kwa mapazia jua lisiipige. Basi. Pazia! Hamhitaji mtambo, mnahitaji mtu ambaye jina lake limeandikwa kwenye karatasi kwamba yeye ndo anafunga na yeye ndo anafungua.

Mchoro wako uutoe hapo sasa hivi uweke gizani. Ukiupenda sana tengenezeni nakala nzuri itundikwe foya na muandike wazi kwamba ni nakala. Na taa za usiku angalia, mara nyingi watu wa usafi wanawasha taa zote za foya saa nne wanaziacha hadi alfajiri, hiyo nayo ni dozi.

SWALI: Kila tukiwa na tamasha kubwa, kesho yake turubai la picha iliyo karibu na mlango wa ukumbi linakuwa na mawimbi, afu baada ya siku mbili linanyooka. Kiyoyozi kinazimwa usiku kubana umeme. Ni jini au? *Fundi Baridi*

ANKO: Jini ni watazamaji wako, ndugu yangu. Mtu mmoja aliyekaa tu anatoa joto la kama wati 100. Watu 1,000 ni kilowati 100, sawa na kuwasha hita 50 za kilowati mbili kwa pamoja ndani ya chumba. Tena kila mmoja anatoa mvuke wa kama gramu 40 hadi 50 kwa saa kwa pumzi na jasho, so onyesho la saa mbili ni kama lita 80 mpaka 100 za maji zimeingia hewani. Milango ikifunguliwa wakati wa mapumziko hewa hiyo yote inatoka inamkuta nani wa kwanza? Picha ya mlangoni. Afu saa tano mnazima kiyoyozi, joto linapanda au linashuka kutegemea mahali, turubai linavuta maji, mbao za fremu zinavimba, asubuhi mnawasha kwa nguvu zote vinakauka haraka. Hiyo kuvimba na kukauka ndo inapasua rangi, kuliko hata unyevu wenyewe.

Majumba makubwa ya makumbusho siku hizi yamelegeza masharti, kwa vitu vingi wanakubali unyevu wa asilimia 40 hadi 60 na joto la nyuzi 16 hadi 25, mradi unyevu usiruke zaidi ya asilimia 10 ndani ya saa 24. Ni masharti mapana kuliko watu wanavyodhani. Kwa hiyo usimwambie bosi "tuwashe usiku kucha", hatokubali na pengine ana haki. Mwambie tushushe polepole na tupandishe polepole, tuanze kupooza ukumbi kabla watu hawajaingia, na picha ile ihame, ikae mbali na mlango na isitazame tundu la hewa. Ikibidi ikae ukuta wa nje basi iachie nafasi nyuma hewa ipite. Nunua vile vifaa vidogo vya kurekodi joto na unyevu, vinne tu, weka foya, stoo, jukwaani, na ofisi, uviache mwezi mzima. Grafu ya siku ya tamasha ukiiweka mezani mbele ya bodi hutahitaji kuongea sana. Mimi niliongea mwaka mzima bila grafu, hawakunisikia.

Na ile mashine ya moshi ya jukwaani usiisahau. Ule ukungu mzuri wa taa una mafuta au glikoli ndani, unatulia juu ya kila kitu ukiwa umebeba vumbi. Milango ya jukwaa ifungwe ikiwa inawashwa.

SWALI: Dada wa usafi kafuta picha kwa kitambaa chenye maji na sabuni. Bosi anataka afukuzwe. *Jirani Mwema*

ANKO: Alifundishwa? Kama hakufundishwa basi anayestahili barua ni aliyemwajiri. Mtu kaambiwa "futa kila kitu kinachong'aa", kafuta. Muitieni mtaalamu wa uhifadhi aangalie picha, msijaribu "kurekebisha" wenyewe, na huyo dada mkae naye nusu saa mumuonyeshe vipi sio vya kugusa. Yeye ndo anapita mbele ya kila picha kila siku. Mkimfundisha atakuwa wa kwanza kuwaambia kuna doa jipya, kuna unga wa mbao chini ya fremu, kuna nondo wametoka kwenye pazia la zamani stoo. Na mkisikia nondo, lile pazia lifungwe kwenye plastiki lisije likasambaza kwa mengine, kisha kama linahimili ligandishwe, nyuzi 30 chini ya sifuri siku tatu, au kwenye friza ya kawaida ya nyuzi 18 chini ya sifuri wiki mbili kamili.

SWALI: Mimi ni mjumbe wa bodi, naomba nisitajwe. Paa linavuja. Tuna mchoro mmoja wa thamani kubwa. Wenzangu wanataka tuuze turekebishe paa. *Mjumbe*

ANKO: Swali gumu, na wakubwa wameshalipitia. Lincoln Center 1999 walitaka kuuza kazi ya msanii Jasper Johns ya mwaka 1964 iliyokuwa imeagizwa mahsusi kwa ajili ya ukumbi wao, kelele zikawa nyingi wakaacha. Na ile michoro ya Chagall niliyoitaja juu, 2009 ikajulikana kwamba opera wameiweka dhamana ya mkopo. Kwa hiyo sio dhambi mpya mmeibuni nyie.

Mi naangalia vitu viwili. Kwanza mnaweza kuuza? Tafuteni karatasi ya zawadi, kama aliyetoa aliweka sharti basi mazungumzo yameishia hapo hadi mwanasheria aseme vingine. Pili, mchoro ulitengenezwa kwa ajili ya ukuta huo au uliletwa tu? Uliotengenezwa kwa ajili ya jengo ni sehemu ya jengo, ukiuza ni kama kuuza ngazi. Ulioletwa tu, na hamuwezi kuutunza, na paa linavuja juu yake, kwa kweli sioni aibu ukienda mahali utakapotunzwa, iwe kwa kuuza au kwa kuazimisha miaka kadhaa kwa makumbusho ambayo wao watalipa bima na usafiri. Hilo la kuazimisha wajumbe wengi huwa hawalifikirii kabisa, lipeleke kikaoni.

Ila kabla ya kikao, leo leo, utoeni chini ya lile tundu.